Injini Moja, Karakana Mbili

Katika kurasa hizi za nyumbani sisi wake wa askari tumezoea kusoma habari za upishi, za malezi ya watoto na za bustani za mboga. Leo naomba ruhusa niandike habari ya injini ya pikipiki. Najua wako watakaocheka na kusema kwamba hayo ni mambo ya wanaume. Lakini mimi nimelipa ada ya kujifunza jambo hili, na ada yenyewe ilitoka katika mkoba wa karo ya mwanangu. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Na mimi kila nisikiapo neno “kuongeza nguvu ya injini,” moyo wangu hunidunda.

Mume wangu ni askari. Aliporudi kutoka Somalia, nchi ambako jeshi la Uganda lilianza kupeleka askari wa kulinda amani mwezi Machi 2007, alitumia sehemu ya akiba yake kununua pikipiki aina ya Bajaj Boxer ya cc 100. Sisi tunakaa Kabale, na kazi ya bodaboda, ambayo ilianza kwa baiskeli mpakani Busia katika miaka ya 1960, siku hizi imeenea hadi katika vilima vyetu. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye aliyekabidhiwa chombo. Alibeba abiria na magunia ya viazi, na kila Jumamosi jioni aliniletea hesabu ya juma. Kwa hesabu hiyo tulilipa karo ya watoto watatu. Mume wangu alirudi kikosini bila wasiwasi.

Katika mwaka wa tatu pikipiki ilianza kuchoka. Mahali ilipokuwa ikipanda kwa gia ya tatu, sasa ilitaka gia ya pili, na penye mwinamo mkali abiria alilazimika kushuka atembee kwa miguu. Abiria anayelipa nauli kisha akatembea hapandi tena mara ya pili. Hesabu ya Jumamosi ikaanza kupungua.

Ahadi tamu

Jioni moja shemeji alikuja na habari njema. “Shemeji,” aliniambia, “vijana wenzangu kituoni wameongezewa nguvu injini zao. Wanawekewa pistoni kubwa, na cc 100 inakuwa kama cc 150. Fundi anataka 650,000 tu.”

Nilimwuliza kama anamfahamu fundi huyo. Alinijibu kwamba karakana yake inajaa watu kila siku. Kesho yake tulikwenda pamoja. Kweli ilijaa. Ukutani palikuwa na picha za pikipiki za mashindano, muziki ulilia, na vijana walikuwa wakivuta mafuta hadi injini zikapiga kelele kama bunduki. Fundi aliiwasha pikipiki yetu, akainamisha sikio muda ambao haukuzidi nusu dakika, kisha akasema: “Hii inataka pistoni kubwa. Siku mbili tu, itaruka.”

Hakuipanda pikipiki yetu, wala hakuuliza tunabeba mizigo gani. Hakuwa na kipimo chochote mkononi. Nilipoomba karatasi alicheka, akasema, “Mama, sisi hapa tunafanya kazi kwa uaminifu.” Nikaona haya kuendelea kudai. Nilitoa 450,000 siku ile, na 200,000 siku ya kuchukua chombo. Fedha hizo zilikuwa karo ya binti yangu mkubwa ya muhula uliokuwa mbele, na mume wangu sikumwambia. Nilijidanganya kwamba injini ingezirudisha kabla ya shule kufunguliwa.

Siku ya kuichukua, injini ilinguruma sana. Kwa siku chache shemeji alisifiwa kituoni. Siku ya kumi na moja, akiwa anapanda kilima na mwalimu mmoja wa shule ya msingi mgongoni mwake, injini ilikamata ghafla. Pistoni ilibana ndani ya silinda, gurudumu la nyuma likafunga, na pikipiki ikalala ubavu. Mwalimu alichubuka magoti na viganja. Shemeji alivunjika kifundo cha mkono. Tunamshukuru Mungu kwamba hapakuwa na gari nyuma yao, na kwamba kichwani mwake palikuwa na kofia ya chuma.

Tulirudi karakana. Fundi alituambia, “Kijana ameendesha vibaya.” Nikadai vipuri vyetu vya zamani, vile alivyovitoa, akasema vimetupwa. Nikadai sehemu ya fedha, akaniuliza, “Karatasi iko wapi?” Sikuwa na la kujibu. Niliondoka pale nikiwa na pikipiki iliyosukumwa kwa mikono, kijana mwenye bandeji, na binti ambaye shule ilikuwa ikimsubiri kwa siku tisa tu.

Jibu la askari

Hapakuwa na njia ila kumpigia simu mume wangu na kumweleza yote. Nilitegemea ghadhabu. Alinyamaza kwa muda mrefu, akauliza kwanza hali ya ndugu yake na ya mwalimu, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: “Mama watoto, jeshini hatutoi silaha ghalani bila kusoma namba yake, kuikagua, na kutia sahihi daftarini. Akiirudisha mtu, inakaguliwa tena. Je, wewe ulitoaje injini bila sahihi?”

Nilikasirika kidogo, kwa kuwa ni rahisi kusema hivyo ukiwa mbali. Lakini usiku ule nilipolala niliona kwamba alikuwa amenipa kipimo chote nilichokuwa nakitafuta. Mimi si fundi na sitakuwa fundi. Siwezi kuhukumu pistoni. Lakini naweza kuhukumu kama mtu anapokea chombo cha mwenzake kama inavyopokelewa silaha, yaani kwa kukikagua, kukiandika na kukubali kuulizwa. Hayo hayahitaji elimu ya mitambo.

Basi mkono wa shemeji ulipokuwa ukipona, nilianza kutafuta karakana upya, safari hii bila fedha mkobani. Nilikwenda na maswali tu. Kwanza nilimwendea mwenyekiti wa kituo cha bodaboda. Sikumwuliza ni fundi gani anasifiwa, kwa sababu aliyetoka karakana jana husifu daima. Injini mpya hupendeza kama nguo mpya. Nilimwomba anionyeshe waendeshaji ambao injini zao zilifunguliwa mwaka mmoja uliopita, nami nikawauliza: Je, umerudi kwa fundi mara ngapi? Uliporudi alikupokeaje? Majina mengi yaliyokuwa yakitajwa kwa kelele yalipotea katika orodha yangu. Yalibaki matatu.

Karakana ya kwanza kati ya hizo tatu haikutaka mwenye chombo aingie ndani wakati wa kazi. Ya pili waliniahidi mwendo wa ajabu kabla hata hawajaniuliza pikipiki ni ya aina gani. Ya tatu ilikuwa Mbarara, mwendo wa saa kadhaa kwa basi, na mwenyewe alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Meza yake ilikuwa safi. Spana zilitundikwa ukutani kwa mpangilio wa ukubwa, na sakafuni hapakuwa na injini iliyolala wazi kwenye vumbi. Nilimwambia nataka injini yenye nguvu.

Hakuniambia bei. Aliniuliza maswali manne: “Inabeba nini? Inapita njia gani? Mafuta ya injini mnabadilisha kila baada ya kilomita ngapi, na ya aina gani? Na nani aliyeifungua mara ya mwisho?” Nilipomjibu la mwisho, nikamsimulia yote, hakumtukana fundi wa kwanza. Alisema tu, “Ilete. Tutaipima kwanza. Kupima ni kazi yenye bei yake, na bei yake ni hii. Baada ya hapo una hiari ya kuondoka nayo.”

Hesabu juu ya karatasi la boksi

Juma lililofuata nilipakia pikipiki kwenye lori la viazi na kuipeleka. Mzee alinikalisha kwenye benchi ili nione. Kwanza aliandika namba ya injini daftarini na kuilinganisha na kitabu cha usajili. Alinieleza kwamba hakubali kufanya kazi juu ya injini yenye namba iliyokwaruzwa, wala habadilishi kasha la injini bila kujua lilikotoka, kwa maana vipuri vya wizi hupitia karakana zisizouliza. Wasomaji wetu wa polisi wanalijua hilo kuliko mimi.

Kisha alifungua plagi na kufunga geji ya mgandamizo mahali pake. Alipiga kiki, akasoma, akaandika. Halafu alitia kijiko cha mafuta ya injini katika tundu lile lile, akapiga kiki tena. Alinifafanulia: kama kipimo kinapanda sana baada ya mafuta, uvujaji uko kwenye ringi na silinda, kwa sababu mafuta yameziba nafasi hiyo kwa muda. Kama hakipandi, uvujaji uko kwenye vali. Yetu ilipanda, lakini haikufika inapopaswa. “Basi inavuja kote kuwili,” alisema.

Alipofungua kichwa cha silinda aliligeuza tundu la kupitisha moshi juu, akamimina petroli kidogo, tukasubiri. Petroli ilipenya na kudondoka upande wa pili. Vali ya kutolea moshi ilikuwa imeungua ukingoni, na ilikuwa imeungua zamani. Fundi wa kwanza alikuwa ameondoa kichwa hicho ili aweke pistoni yake kubwa, lakini vali hakuigusa. Na chujio cha hewa kilikuwa kimeziba kwa vumbi kama mfuko wa saruji. Kumbe ugonjwa uliotufanya tutafute nguvu ulikuwa bado uko palepale! Tulilipa 650,000, na mgonjwa hakuwahi kupimwa.

Kisha mzee alichukua kipande cha boksi na kalamu ya risasi. “Mama,” alisema, “pistoni ya Boxer hii ina upana wa milimita 53, na inakwenda milimita 45 juu na chini. Ukizidisha kama mwalimu alivyokufundisha mduara, unapata cc 99 na kidogo. Huyu bwana amekuwekea pistoni ya milimita 57. Hesabu yake ni cc 115 hivi. Alikuambia 150, sivyo? Kwa mwendo ule ule wa milimita 45, ili ufike kwenye ukubwa wa Boxer ya 150 ungehitaji pistoni ya milimita 64. Chuma hicho hakipo katika silinda hii. Boxer ya 150 yenyewe ina pistoni ya milimita 56 tu; kilichoongezwa ni mwendo wa pistoni, unaofika milimita 58.8. Ile ni injini nyingine tangu ilipozaliwa. Haipatikani kwa kuchonga.”

Nilimwuliza kwa nini injini ilikamata. Alipitisha kipimo ndani ya silinda juu, katikati na chini, kisha akakizungusha na kupima tena. Silinda haikuwa duara kamili tena. Alisema nafasi baina ya pistoni na silinda ya injini ndogo huhesabiwa kwa sehemu za mia za milimita, nafasi nyembamba kuliko unywele. Pistoni ya aluminiamu ikipata joto hupanuka kuliko silinda ya chuma, na ukuta uliochongwa ukawa mwembamba hupindika kwa joto. Penye nafasi ndogo mno mafuta hayapiti, na penye ukavu vyuma hung'ang'aniana. Kilima kirefu, mzigo mzito na injini ambayo haikupewa muda wa kuzoea vilimaliza kazi hiyo kwa siku kumi na moja.

Jambo lingine alilonifundisha sikupata kulisikia kwa mtu yeyote kituoni. Injini hula hewa, na hewa hupungua kadiri unavyopanda juu. Katika kila mita 1,000 za kupanda, injini ya kabureta hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Kabale yetu iko zaidi ya mita 1,800, na vilima vyake viko juu zaidi. Basi pikipiki inayosifiwa Kampala ikija kwetu itaonekana mvivu hata ikiwa nzima, na kabureta yake itamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. “Huo si ugonjwa,” alisema mzee. “Hiyo ni nchi yenu. Unairekebisha kabureta, humlaumu pistoni.”

Nguvu iliyokataliwa

Nilitegemea kwamba baada ya hayo atanitajia injini kubwa zaidi. Badala yake alikataa kuniuzia nguvu niliyoiomba. Silinda ile, alisema, haichongwi tena. Ataweka silinda mpya na pistoni mpya ya kipimo cha kiwandani, vali mpya, na chujio jipya. Na kwa ajili ya vilima atabadilisha sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo, aweke yenye meno mengi zaidi. Pikipiki itapoteza mwendo kidogo mahali tambarare, lakini itavuta vizuri penye mwinamo.

Nilivunjika moyo kidogo. Nikamwambia, “Mzee, basi nitalipa ili irudi kama ilivyokuwa?” Akanijibu: “Nguvu uliyokuwa unaitafuta mlikuwa nayo. Ilikuwa inavuja.” Akaongeza kwamba anayetaka nguvu ya cc 150 kwa kweli, auze ya 100 anunue ya 150, kwa kuwa injini haikai peke yake. Ukiiongezea nguvu, klachi ibebe zaidi, mnyororo uvute zaidi, joto liondoke zaidi, na breki zizuie zaidi. Na breki za ngoma za Boxer 100 zilitengenezwa kwa Boxer 100. Wako vijana wanaojenga injini za mashindano ya motokrosi, naye amewahi kuwajengea. Lakini injini ya mashindano hufunguliwa mara kwa mara na huendeshwa uwanjani, wala hailipi karo ya mtu.

Nilikumbuka yule mwalimu aliyechubuka magoti. Fundi wa kwanza alikubali kila nilichotaka, na huyu alikataa; aliyekataa ndiye aliyejali nani atakaa mgongoni mwa shemeji yangu. Tangu siku ile naamini kwamba karakana nzuri hujulikana kwa yale inayopima kabla ya kufungua, yale inayoandika kabla ya kupokea fedha, na yale inayokataa ijapokuwa fedha ziko mezani.

Karatasi nayo aliiandika kabla sijaidai. Vipuri viliandikwa kimoja kimoja na bei zake. Kazi iliandikwa peke yake. Siku ya kumaliza ikatajwa. Namba ya injini ikawekwa juu. Chini aliandika kwamba kasoro ya kazi yake ikitokea katika kilomita 1,000 za mwanzo ataitengeneza bila malipo ya kazi, maadamu mafuta yamebadilishwa kama alivyoagiza. Jumla ilikuwa 560,000. Baadaye nilifahamishwa kwamba hata sheria iko upande wa karatasi: Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inataka mkataba unaozidi pointi 25 za fedha, yaani shilingi 500,000, uwe wa maandishi. Kazi yangu ya kwanza ilizidi kiasi hicho, nami niliona haya kuomba kipande cha karatasi! Ndugu zangu, tusione haya. Fundi mwaminifu hakasiriki kuombwa risiti, kama vile mtunza ghala hakasiriki kuombwa daftari.

Fedha hizo zilitoka katika mkopo wa chama cha akiba, na safari hii mume wangu alijua kila senti. Binti yangu alichelewa shule kwa wiki mbili. Aliporudi alikuta wenzake wamekwisha fanya mtihani mmoja. Hilo silisahau, na sitaki yeye asahau kwamba mama yake alimwomba radhi.

Siku ya kazi

Nilikaa kutwa nzima nikitazama. Pistoni mpya ilipimwa kwa maikromita, na silinda nayo, ili tofauti yao ijulikane. Mzee alinieleza kwamba hata anapochonga silinda ya mtu, hachongi mpaka pistoni iwe mezani, maana silinda huchongwa kwa kuifuata pistoni. Karakana inayochonga kwanza na kutafuta pistoni baadaye inacheza bahati nasibu. Alizisukuma ringi ndani ya silinda moja moja na kupima mwanya wa ncha zake kwa vibanzi vyembamba vya chuma. Alishika konrodi akaitikisa juu na chini kuona kama imelegea. Vali mpya alizisaga taratibu hadi zikakaa sawasawa, kisha akarudia jaribio la petroli. Safari hii hata tone halikupenya. Nati za kichwa alizikaza kwa spana yenye kipimo, kwa zamu, si kwa nguvu ya bega.

Vipuri vyote vya zamani alivitia katika boksi na kunikabidhi. Ile pistoni ya milimita 57 iko juu ya kabati langu hadi leo, na mikwaruzo yake inaonekana wazi. Shemeji akizungumza habari za mwendo kasi, mimi huangalia kabatini tu, naye hunyamaza.

Kabla hatujaondoka, mzee alimpa shemeji masharti. Kilomita 500 za mwanzo asibebe mzigo mzito wala asivute mafuta hadi mwisho, na asishike mwendo mmoja kwa muda mrefu. Baada ya hapo amwage mafuta ya injini, kwani yatakuwa yamebeba vumbi la chuma, atie mapya. Mafuta yawe ya pikipiki, si ya gari, kwa kuwa klachi ya Boxer huoga katika mafuta yale yale ya injini, na baadhi ya mafuta ya gari huifanya iteleze. Tulipofika Kabale afungue plagi aitazame: ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi, ikiwa nyeupe, petroli imepungua na injini itaungua, rangi ya kahawia hafifu ndiyo inayotakiwa. Yetu ilitoka nyeusi, kama alivyokuwa amebashiri kwa sababu ya nchi yetu ya juu, naye kwa simu alimwelekeza shemeji namna ya kurekebisha kabureta. Hakudai malipo kwa simu hiyo.

Maswali ya kuchukua

Kwa wale ambao wana pikipiki ya familia, nayaandika hapa maswali ninayoyatumia sasa. Muulize fundi: Utapima nini kabla ya kufungua, na nitaviona vipimo hivyo? Nguvu imepotea wapi, na unajuaje? Pistoni unayotaka kuiweka ina milimita ngapi, na cc zitakuwa ngapi kwa hesabu? Breki na klachi zitaweza? Utaniandikia vipuri na kazi mbali mbali, pamoja na namba ya injini? Nitarudishiwa vipuri vya zamani? Nani atachonga, ni wewe au utapeleka kwingine, na pistoni itakwenda pamoja na silinda? Nikirudi na kasoro utafanya nini? Kisha, bila kumwuliza fundi, mtafute mtu ambaye injini yake ina umri wa mwaka mmoja tangu itoke hapo. Akijibu vyema yote hayo, bei yake hata ikizidi ya jirani kidogo, ni nafuu.

Na kwa vijana wetu wa kambini wanaopenda injini zipige kelele, nawasihi wakumbuke kwamba kelele si nguvu. Nguvu ni kupanda kilima ukiwa na mtu mgongoni na kumfikisha salama.

Pikipiki yetu haikuwa ya kuruka. Inapanda mahali ilipokuwa ikipanda ilipokuwa mpya, na pengine zaidi kidogo kwa ajili ya yale meno ya nyuma. Shemeji amepona, ingawa mkono humuuma asubuhi za baridi, na Kabale asubuhi za baridi ni nyingi. Yule mwalimu amerudi kupanda pikipiki yetu. Siku ya kwanza aliuliza, “Injini ni ile ile?” Shemeji alimwonyesha karatasi ya mzee, ambayo huitunza chini ya kiti pamoja na nakala ya kitabu cha usajili. Mwalimu aliisoma yote, mstari kwa mstari, kama anayesahihisha daftari la mwanafunzi. Kisha akapanda.